Naamani na Mto Asiouzoea

Somo: 2 Wafalme 5:1–27



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015 na ambao umeendesha kompyuta nyingi za ofisi zetu za sharika. Kompyuta hizo hazikuzimika siku ile. Zinawaka, zinaandika na kuchapa kama kawaida. Lakini mianya ya usalama inayogunduliwa sasa haizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni; kwa zile za Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Nasi tunajua kompyuta za sharika zetu zilivyopatikana, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Bahi na Manyoni. Nyingi ni za mtumba, zilizonunuliwa kwa changizo, pengine baada ya washarika kuuza alizeti. Mashine ni nzima, inafanya kazi, ila mfumo mpya hauikubali.

Vijana wetu wakashauri tuhamie Linux, mfumo usiolipiwa leseni na unaoweza kukaa vizuri hata kwenye mashine ya zamani. Ofisi kadhaa zimeanza, na manung'uniko yameanza pia. Nimeyasikia kwa makatibu, kwa wahazini na kwa walimu wa kwaya. Ninayachukulia kwa uzito, kwa sababu ndani yake yamo maumivu ya mtu mzima aliyeijua kazi yake jana, na leo hajui hata pa kubofya. Maandiko yanamfahamu mtu wa namna hiyo.

Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu wa heshima, aliyezoea kutoa amri zikatiiwa. Alikuwa pia mgonjwa wa ukoma. Habari ya uponyaji haikumjia kutoka kwa waganga wa mfalme. Ilitoka kwa binti mdogo wa Israeli, mateka aliyekuwa akimtumikia mkewe. Naamani akafunga safari na fedha, dhahabu na mavazi ya kubadili, akiwa na barua ya mfalme mkononi. Alipofika mlangoni kwa Elisha, nabii hakutoka kumpokea. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge katika Yordani mara saba. Naamani akakasirika, akageuka aende zake. Alikuwa ameshajiandalia moyoni jinsi mambo yatakavyokwenda: nabii angetoka, angesimama, angeliitia jina la Mungu wake, angepitisha mkono mahali pa ugonjwa. Badala yake akaelekezwa kwenye mto wa kigeni.

Mito ya Dameski

Hasira ya Naamani ilikuwa na hoja. Alitaja mito ya kwao, Abana na Farpari, akauliza kama haikuwa bora kuliko maji yote ya Israeli. Hakuna mahali Elisha anapombishia juu ya ubora wa mito ile. Kwa hiyo nasi tusimbishie katibu wa usharika anaposema kwamba mfumo wa zamani ulikuwa mzuri kwake. Ameandika humo mihtasari ya vikao kwa miaka mingi. Vidole vyake vinajua njia bila kuulizwa, na huo ni ujuzi halali alioupata kwa jasho.

Tazama anayokutana nayo siku ya kwanza. Anaitafuta diski C aliyoizoea, haipo. Vitu vyake vyote viko chini ya folda moja inayoitwa nyumbani. Anachomeka flashi yenye programu aliyopewa na mwenzake, anaibofya, haifunguki, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Anahifadhi faili kwa jina lenye herufi kubwa mwanzoni, kesho analihifadhi kwa herufi ndogo, na anajikuta na mafaili mawili tofauti, maana Linux inazitofautisha herufi hizo. Anaitafuta waifai, haionekani. Baadhi ya kompyuta, hasa zenye vifaa vya waifai vya Broadcom, huhitaji programu ya kuviendesha ambayo mara nyingi inapaswa kupakuliwa. Basi intaneti inahitaji programu, na programu inahitaji intaneti.

Kisha anaambiwa afungue dirisha la amri, lile lenye maandishi matupu, aandike nywila yake. Anaandika, na hakuna kinachoonekana, hata nukta. Anadhani kibodi imekufa. Hakuna aliyemweleza kwamba mara nyingi mfumo huficha hata idadi ya herufi ili mtu wa pembeni asijue urefu wa nywila. Jumamosi jioni ratiba ya ibada aliyoipanga vizuri inafunguka ikiwa imesogea, mstari wa mwisho umerukia ukurasa wa pili, na kesho saa moja asubuhi watu watakuwa kanisani. Mtu wa namna hii akisema kwamba Abana na Farpari ni bora, mimi ninamwelewa.

Sisi wa Dodoma tunapaswa kumwelewa zaidi ya wengine. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, lakini wimbi kubwa la watumishi wa serikali lilianza kuonekana baada ya tangazo la Rais Magufuli mwaka 2016. Tuliwapokea wakilalamikia vumbi, upepo, maji ya chumvi na kiangazi kirefu. Wengi waliacha familia Dar es Salaam na kila Ijumaa walikuwa njiani. Leo baadhi yao wanatuuzia zabibu. Waliotulia upesi, kwa nilivyoona, ni wale waliopata jirani wa kuwaonesha maji ya kunywa yanapatikana wapi, mti gani unastahimili ukame, na lini mvua inategemewa. Walioachwa peke yao ndio waliochelewa kuacha kuitazama barabara ya kuelekea Morogoro.

Waliomwita baba

Hapo ndipo moyo wa somo letu ulipo. Naamani hakuponywa na ujasiri wake mwenyewe, maana yeye alikuwa ameshageuza farasi. Watumishi wake walimkaribia. Walimwita baba. Wakamuuliza kwa upole: kama nabii angekuambia jambo gumu, usingelifanya? Si zaidi sana hili dogo? Hawakumcheka kwa hasira yake, wala hawakumhubiria juu ya ubora wa Yordani. Heshima yao ndiyo iliyomrudisha mtoni.

Vijana mnaoijua Linux, neno hili ni lenu. Wapo mafundi duniani kote ambao, mgeni akiuliza swali la mwanzo, humjibu kwa ukali kwamba akasome maelekezo. Jibu hilo limewarudisha wengi walikotoka. Mama mhazini akikuuliza kwa mara nyingine faili lake liko wapi, usimnyang'anye kipanya ukafanya mwenyewe kwa kasi huku ukisema ni rahisi tu. Mwambie: Mama, naomba ukae hapa, ushike mwenyewe, mimi nitakuonesha. Mkono wake ndio unaojifunza. Ukifanya wewe, utakuwa umemaliza kazi ya leo, na kesho utaitwa tena kwa jambo lilelile.

Kumbukeni pia mfumo huu ulikotoka. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiandika na kuomba maoni ya wengine. Baadaye akakiweka chini ya leseni ya GNU, na maelfu ya watu wasiojuana wakakijenga pamoja. Kiini hicho ndicho kilicho ndani ya simu za Android, kwa hiyo wengi wetu tunaoiogopa Linux ofisini tunatembea nayo mfukoni. Nasi Waswahili tuliweka mkono: mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. LibreOffice tunayoandikia barua leo ilizaliwa mwaka 2010 kutoka katika OpenOffice hiyohiyo. Kitu kilichojengwa kwa watu kupeana kisifundishwe kwa dharau.

Kwa wazee wangu nasema hivi. Naamani asingeufikia mto kama asingesikiliza binti mateka na watumwa. Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwa hapa tangu mwaka 2007, na kina ndaki nzima ya masomo ya kompyuta. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha St John's kilifungua milango. Wanafunzi wao wanakaa kwenye mabenchi yetu kila Jumapili, na wengine wanaimba kwaya. Kumwita mmoja wao baada ya ibada na kumwambia, mwanangu, njoo unifundishe, hakupunguzi mvi za mtu. Kuuliza si ujinga.

Mara saba

Nabii alisema mara saba. Maandiko hayatuambii kwamba baada ya mara ya tatu vidole vilianza kupona, au kwamba mara ya tano ilileta nafuu. Kwa jinsi habari ilivyoandikwa, Naamani alizama na kuibuka, akazama tena, na badiliko linatajwa baada ya mara ya saba. Kujifunza kwa mtu mzima mara nyingi kunakwenda hivyo. Unarudia jambo bila kuona faida, halafu siku moja unagundua kwamba mkono umeshajua.

Kwa hiyo twende kwa utaratibu. Kwanza, nakilini kumbukumbu zote za usharika kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote: daftari la ubatizo, ndoa, ahadi, matoleo. Pili, jaribuni mfumo ukiwa kwenye flashi. Linux Mint na Ubuntu, kwa mfano, zinaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kubadili kitu ndani ya kompyuta. Hapo utajua mapema kama waifai inaonekana, kama printa inaitika, kama sauti inatoka. Mkishaupakua mara moja kwa bando la mtu mmoja, mnaruhusiwa kuunakili kwa sharika zote za jimbo.

Waifai ikikataa, unganisha simu kwa waya wake wa kuchajia na uwashe huduma ya kugawa intaneti kwa njia ya USB. Kwa kawaida Linux huitambua papo hapo, na kwa njia hiyo mtapakua kinachokosekana. Ratiba ya ibada ikisogea, chanzo mara nyingi ni aina ya mwandiko (fonti). Times New Roman na Calibri ni mali ya wenyewe na haziji pamoja na mfumo. Lakini ipo Liberation Serif, yenye vipimo sawa na Times New Roman, na ipo Carlito, yenye vipimo sawa na Calibri. Zikishawekwa, mistari mingi hurudi mahali pake. Kama mmeiacha Windows ya zamani kwenye mashine ileile na Linux inakataa kuandika kwenye sehemu hiyo ya diski, huenda Windows haikuzimwa kikamilifu; Linux inasoma tu ili isiharibu. Zimeni Windows kabisa, mkiondoa ule mpangilio wake wa kuwaka haraka, ndipo mrudi. Na flashi iliyoingiliwa na virusi vile vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato mahali pake, mkiifungua kwenye Linux mtayaona mafaili yenyewe yakiwa salama. Mhazini mmoja alipooneshwa hilo, taarifa ya robo mwaka aliyodhani imepotea ilikuwa mbele yake, na tangu hapo hajauliza tena kwa nini tulihama.

Kwa kwaya na ibada, ipo OpenLP, programu huria iliyotengenezwa kwa ajili ya makanisa, ya kuonesha nyimbo na Maandiko kwenye projekta. Nyimbo zetu itabidi tuziingize wenyewe, ubeti kwa ubeti. Hiyo ni kazi ya kugawana: kila mwanakwaya nyimbo chache, na kabla ya Majilio hazina itakuwa imejaa.

Nyumba ya Rimoni

Baada ya kupona, Naamani alikuwa na jambo lililomsumbua. Mfalme wake humwegemea anapoingia katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Shamu, kuabudu, na yeye hulazimika kuinama pamoja naye. Akaomba asamehewe katika hilo. Elisha hakumtungia sheria wala hakumwambia aache kazi. Alimwambia aende kwa amani.

Sisemi kwamba Windows ni sanamu. Ni chombo cha kazi, na wanaoilipia na kuitumia hawana neno. Ninachokiona hapa ni upole wa nabii kwa mtu anayeanza. Ofisi yenu inaweza kuwa na programu ya uhasibu inayofanya kazi kwenye Windows pekee, au mafaili ya Publisher ambayo LibreOffice inayafungua kwa shida. Basi bakizeni kompyuta moja kwa kazi hiyo, au iacheni mifumo miwili ikae kwenye mashine moja, na msiruhusu kijana yeyote mwenye bidii awafanye mjione mmeasi. Anayehama hatua moja leo ameshahama hatua moja. Tumeona watu wakiacha kabisa kwa sababu walidaiwa wabadilishe kila kitu kwa siku moja, na hali hiyo haiko kwenye kompyuta tu. Wapo waliookoka juzi ambao tumewachosha kwa madai kabla hawajajifunza hata kusali.

Uongo wa Gehazi

Somo letu lina sehemu ya mwisho ambayo tungependa kuiruka. Elisha alikataa zawadi za Naamani. Mtumishi wake Gehazi akamkimbilia mgeni, akatunga habari ya wageni waliofika ghafula, akapokea fedha na mavazi, akarudi na kusimama mbele ya bwana wake kana kwamba hakwenda popote. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye.

Ndugu zangu, katika ofisi ngapi za kanisa kuna Windows iliyopigwa na fundi bila leseni, ikawashwa kwa programu ndogo ambayo kazi yake yote ni kuidanganya kompyuta iamini kwamba imelipiwa? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Hatuwezi kuchapa mahubiri juu ya amri ya nane kwa chombo kilichopatikana kwa uongo. Programu hizo za kuvunja leseni pia ni njia inayojulikana ya kuingiza virusi, na kompyuta hiyo ndiyo yenye majina ya washarika, namba zao za simu na ahadi zao. Kama tunaweza kulipa, tulipe. Kama hatuwezi, kipo kilichotolewa kwa hiari na walioutengeneza mfumo wa Linux, nasi tukipokee kwa shukrani, tukimlipa fundi wetu haki ya jasho lake.

Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nione kwamba taabu ya kuhama inafaa. Gharama tunayoiokoa ni jambo jema, mashine ya zamani kuendelea kutumika ni jambo jema, lakini dhamiri safi ya ofisi ya kanisa ina thamani kuliko vyote viwili. Dhamiri hiyo ina bei yake, nayo ni wiki kadhaa za kujisikia mjinga. Naamani aliilipa bei hiyo mbele ya watumishi wake wote, akivua vazi la jemadari na kushuka majini. Maandiko yanasema mwili wake ulirudi ukawa kama wa mtoto mdogo. Aliyekataa kuwa mdogo alipona kwa kukubali kuwa mdogo. Bwana wetu naye alimweka mtoto katikati ya wanafunzi waliokuwa wakishindania ukubwa.

Wiki hii ninaomba kila usharika ufanye mambo matatu. Wazee wa kanisa wamteue kijana mmoja, binti au mvulana, awe msaidizi wa ofisi kwa saa chache baada ya ibada, na wamwombee mbele ya kanisa kama wanavyowaombea walimu wa Shule ya Jumapili. Katibu na mhazini wanakili kumbukumbu zote kabla ya Jumamosi. Na kila mmoja wetu, hata asiyegusa kompyuta, amtafute mtu mmoja aliye mgeni katika jambo lolote tunalolijua sisi, iwe kazi, mtaa au imani, akae naye na kumfundisha bila kumwaibisha.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyemponya Naamani kwa maneno ya binti mateka na ya watumishi wake, utupe wazee wanaokubali kufundishwa na vijana wanaojua kuheshimu. Uwape subira wanaoanza upya katika umri ambao walitarajia kupumzika. Utusafishe na uongo wa Gehazi katika ofisi zetu na katika mioyo yetu. Uzilinde kumbukumbu za kanisa lako na kazi za mikono ya wanaozitunza. Utufanye watu ambao mgeni akituuliza, harudi alikotoka kwa sababu ya jibu letu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.